Mlinzi Aliyewekwa Valencia

Kule Hispania, walisema, ukitoka nyumbani kwenda kununua mkate, ukirudi unamkuta mtu ndani amevaa ndara zako. Kitasa kishabadilishwa. Unagonga mlango wako mwenyewe, naye anakuchungulia dirishani anakuuliza, "Wamtaka nani?" Ukikimbilia polisi, polisi wanakwambia mwenye haki ni yule, kwani ndiye aliye ndani.

Uvumi huo Kidawa aliupata Bertrams, mtaa anaokaa Johannesburg, saluni kwa Murielle, alipopeleka sambusa za wateja. Murielle ni msusi, mtu wa Bukavu, na Hispania hajapata kuikanyaga. Yeye alisikia kwa mteja, mteja aliona kwenye simu, na aliyeyaweka kwenye simu Mungu ndiye amjuaye.

"Banaitwa okupa," Murielle alisema, vidole vyake vinakimbia kichwani kwa mtu bila yeye kuvitazama. "Banangoja utoke. We unatoka, bo banaingia. Njo imekwisha."

"Na mwenye nyumba?" Kidawa aliuliza.

"Mwenye nyumba analia, Mama Najma. Utamufanya nini?"

Wanawake waliokuwa wakingoja zamu wakacheka. Kidawa hakucheka. Kwanza, binti yake Najma ndio kwanza alikuwa amefika Valencia kusomea mambo ya maji, kapanga nyumba ndogo peke yake, ghorofa ya tatu. Pili, mtu anayeishi Bertrams hamcheki anayesema nyumba zinatekwa. Jengo la mkabala na lao lilitekwa mchana kweupe. Bakiri, mtu wa Tanga aliyekuwa akikaa humo na familia yake, alitoka nao wote kwenda kumzika shemeji yake Durban. Aliporudi alikuta komeo jipya mlangoni, na mapazia ya mkewe yananing'inia dirishani vilevile, ila aliyeyafungua asubuhi ile si mkewe.

Tangu hapo, katika jengo analokaa Kidawa hakuna nyumba inayoachwa tupu. Ukienda sokoni, unamwomba jirani akukalie. Ukienda hospitali, mtu anakaa. Hata mazishini watu wa nyumba moja huenda kwa zamu, huyu akirudi ndipo yule atoke. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na hakuna anayeivunja.

Jioni alimweleza mumewe, Karimu, anayeuza vitambaa mtaa wa Mayfair, hukohuko mjini. Karimu alivua viatu kwanza.

"Kidawa, wewe ukikosa la kuogopa unaazima kwa jirani."

"Hili si la kuazima. Mtoto yuko peke yake."

"Yuko kwenye nchi yenye serikali."

"Na hapa hakuna serikali?"

Karimu akavisukuma viatu chini ya kitanda, maana hapo alishikwa pabaya.

Tena mji wenyewe wa Valencia ulikuwa haumkai Kidawa kichwani. Kila Najma alipopiga simu, alileta jambo jipya la kustaajabisha. Maduka yanafungwa saa nane mchana, watu wazima na akili zao wanakwenda zao kupumzika, yanafunguliwa jua likipoa. Chakula cha usiku kinaliwa saa nne, saa ambayo Kidawa kishaosha vyombo na kuvipangusa. Ofisini hukurupuki alfajiri ukapanga foleni kama watu wanavyopanga hapa Johannesburg na viti vyao vya plastiki. Sharti uombe miadi kwenye mtandao, na miadi haipatikani, na ukiipata unaambiwa ni ya ofisi nyingine. Na salamu yao ni shavu kwa shavu, kulia na kushoto, mwanamke kwa mwanamume.

"Nawe unatoa mashavu?"

"Natoa mkono, Mama. Mwingine naweka kifuani. Washanizoea."

"Wakikuvuta?"

"Mama, please. Hawavuti."

Kidawa hakujua amwamini au amwonee huruma. Lakini jambo moja alilielewa, kwa kuwa Najma alilirudia mpaka likamwingia. Viza aliyoingilia ilikuwa ya miezi mitatu tu. Kabla haijaisha alitakiwa apate kadi ya ukaazi, na huko kadi haitoki mpaka mtu awe ameandikishwa manispaa kwamba anaishi nyumba fulani, mtaa fulani. Kuandikishwa kulihitaji saini ya mwenye nyumba. Pasipo saini hakuna kadi, na pasipo kadi ni kufunga virago na masomo yamekwisha.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mjane aitwaye Amparo, anayekaa mtaa wa pili. Kodi aliipokea bila neno, lakini kila akiombwa saini alikuwa na udhuru: leo goti, kesho mvua. Mwishowe alikubali. Jumatatu wangefuatana, yeye na Najma, mpaka manispaa. Kidawa alimshukuru Mungu, ila hakuacha kujiuliza ni kwa nini mtu asitasite kusema kwamba mpangaji wake ni mpangaji wake.

Basi katika wiki hiyohiyo ya kungojea Jumatatu, Najma akataja, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba Alhamisi na Ijumaa darasa lao linakwenda nje ya mji kutazama mifereji ya wakulima. Watalala huko.

"Na nyumba?"

"Nyumba itakuwepo, Mama."

"Itakuwepo na nani?"

Najma alizaliwa Zanzibar lakini alikulia Bertrams, na swali lile alilijua tangu akiwa na mkoba wa shule mgongoni.

"Mama, hapa si Joburg. Hapa unafunga mlango unakwenda."

"Bakiri alifunga mlango akaenda."

Mabishano yalichukua siku mbili. Kidawa aliyapeleka saluni, na Murielle, ambaye moto ule aliuwasha mwenyewe, akaleta na maji ya kuuzimia. Alikuwa na binamu yake Valencia, Octave, mtu mzima wa makamo. Miaka mingi Octave alilinda mlango wa ghorofa moja kule Hillbrow, mtaa wa Johannesburg unaoogopwa kwa wizi, watu wakimpita kwa adabu. Sasa anafungasha machungwa. Lugha ya huko hajaijua, zaidi ya kuhesabu makasha. Na kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha na machungwa yaliyolowa hayachumwi, wiki hiyo alikuwa amekaa bure.

"Octave akikaa ku mulango," Murielle alisema, "hata upepo unaomba ruhusa."

Najma alipoambiwa, alishika kichwa. Kidawa alimwona kwenye kioo cha simu.

"Mama, niweke mwanamume nisiyemjua ndani ya nyumba ya watu?"

"Wewe hutakuwepo. Ufunguo umpe kituo cha basi, kwenye watu. Asiingie ungalipo."

"Basi nimwambie Bi Amparo."

"Umwambie nini? Ukimwambia, atajua nyumba haina mtu. Naye ana midomo, atawaambia wenzake. Maneno hayana miguu lakini yanafika."

"Safari anaijua, Mama, nilimwambia zamani. Huyo mtu ndiye hamjui."

"Akikuta nyumba yake salama atakosa nini? Si atashukuru?"

Lilikuwa neno la akili, au lilionekana hivyo kutoka Bertrams. Najma akapumua kwa nguvu. "Sharp, Mama, sawa. Aje. Ila asivute sigara humo."

Alhamisi asubuhi Kidawa alikuwa na sambusa za kupeleka Mayfair kwa watu wenye maulidi. Alikaanga akiwa na raha asiyoijua tangu mtoto aondoke. Octave alishaingia, akatuma ujumbe: "Niko ndani. Yote muzuri." Kidawa aliusoma mara nyingi. Kisha simu ikalia.

"Mama," sauti ya Octave ilikuwa chini kabisa, "kuko mutu ku mulango."

"Amegonga?"

"Hapana. Ameingiza funguo. Lakini yangu nimeiacha ku tundu, upande wa ndani. Njo yake inakataa."

Funguo! Hawa wamekuja na ufunguo kabisa! Kidawa akaweka mwiko chini.

"Usifungue."

"Sifungue."

"Sogeza kiti mlangoni."

"Kiti iko hapo tangu asubui, mama. Na meza." Octave hakukaa Hillbrow bure.

Kwenye simu Kidawa alisikia mlango unapigwa kwa kiganja, kisha kwa kitu kigumu, kisha sauti nyembamba ikipanda.

"Ni mwanamke?"

"Ni mama muzee."

"Ndiyo mbinu yao hiyo! Wanamtanguliza mzee uone huruma. Kwa Bakiri pia, kabla hajasafiri, alitangulia bibi kuomba maji ya kunywa. Anasema nini?"

"Sisikii muzuri. Anasema okupa. Okupa, okupa, anarudilia tu."

"Si ndio hao! Wamekuja na jina lao!"

Sambusa zilikuwa zinageuka mkaa na Kidawa hakunusa. Alichosikia ni mlango mwingine unafunguliwa, watu wanashuka ngazi, watu wanapanda ngazi, maneno yanakimbizana kama mbegu kwenye bati. Yule bibi akawa analia sasa. Kilio chake kilimgusa Kidawa mahali asipotaka kuguswa, akajikaza. Wezi nao hulia.

"Mama, banasema polisi iko hapa."

"Polisi wa kweli au wa kununua sare?"

"Nimeona gari ku dirisha. Iko na taa."

"Taa zinauzwa!"

Octave akasema, na safari hii hakunong'ona, "Mama, samahani. Mi nilikuwa mulinzi. Polisi akisema fungua, mulinzi anafungua."

Kidawa alisikia miguu ya meza ikikwaruza sakafu. Alisikia kitasa. Alipiga kelele, "Octave! Octave!" na sauti yake mwenyewe, alikuja kuambiwa baadaye, ilitoka kwenye simu ikajaa ile ngazi yote, na polisi mmoja akauliza ni nani huyo anayepiga kelele. Octave, mikono juu, akajibu kwa neno moja analojua mtu yeyote duniani: "Mama."

Simu ikakatika. Jikoni moshi umetanda. Kidawa akazima jiko, akafungua dirisha, akasimama hajui aelekee wapi. Nani yuko ndani sasa na nani yuko nje?

Najma alipiga akiwa kwenye basi la kurudi, ziara kaiacha katikati. Hakusalimu.

"Mama, umemfungia Bi Amparo nje ya nyumba yake."

"Nani?"

"Bi Amparo! Alikuja kumwagilia maua yake ya roshani kwa sababu anajua nimesafiri. Ana ufunguo, nyumba ni yake. Anaufungua mlango, haufunguki. Anasikia mwanamume ndani anaongea lugha asiyoijua. Unadhani alifikiri nini?"

Kidawa akageuka akazitazama sambusa zilizoungua.

"Alifikiri ni okupa, Mama. Alikuwa anaita majirani."

"Lakini... anaogopa nini yeye? Si mwenyeji?"

"Anawaogopa haohao unaowaogopa wewe. Ndiyo maana alikuwa hataki kuniandikisha. Dada yake amemwambia mtu akishaandikishwa ndani ya nyumba, hatoki tena mpaka kiama."

Kidawa akakaa juu ya ndoo ya unga. Aliligeuza jambo hili upande huu na upande ule. Kulikuwa na mlango mmoja, na huku anasukuma mama na huku anasukuma mama, kila mmoja anamzuia mwizi, na mwizi hayupo. Akiangalia upande wake, aliona alikuwa na haki. Akiangalia upande wa pili, vilevile. Sasa kosa lilikuwa wapi?

"Na Octave?"

"Wameangalia karatasi zake, ziko sawa, wakamrudishia. Wamemtoa tu. Amesimama chini mlangoni, mikono nyuma. Anasema aliahidi haondoki mpaka nije. Bi Amparo amekalishwa kwenye ngazi, amepewa maji. Amenipigia mwenyewe. Amesema Jumatatu haendi popote. Mama, nimeipata ile miadi kwa kuamka usiku. Nikiikosa, viza itaisha kabla sijapata nyingine."

Karimu aliporudi alikuta nyumba inanuka moshi na mkewe hajapika. Alisikiliza yote. Kidawa alingoja amwambie lile la kuazima hofu kwa jirani, lakini hakulisema, na hilo likamuumiza zaidi.

"Kuomba radhi ni kwa miguu," Kidawa alisema. "Unakwenda mpaka kizingitini kwake. Nitaendaje mimi?"

"Utakwenda kwa simu."

"Radhi ya simu ni radhi?"

"Sijui. Ila miguu haifiki."

Ijumaa jioni Najma alikwenda kwa Bi Amparo. Alimwambia mama yake kwamba alitaka kwenda saa tisa, akakumbuka ndiyo saa yao ya kupumzika, akazunguka mitaani mpaka saa kumi na mbili. Kidawa alivaa buibui yake nzuri, akamshikisha Karimu simu. Kiooni akatokea bibi mwembamba, nywele nyeupe fupi, sweta limefungwa vifungo vyote. Hakutabasamu.

"Mwambie ni mimi niliyesema asifungue," Kidawa alianza.

"Mama, nimeshamwambia palitokea kutoelewana."

"Kutoelewana hakuna mwenyewe. Kosa hili lina mwenyewe. Mwambie."

Najma akatafsiri, polepole, kama mtu anayevuka barabara taa za robot zikiwa nyekundu. Bi Amparo alimtazama Kidawa muda mrefu, kisha akauliza kitu kifupi.

"Anauliza ulikuwa wapi ukisema hivyo."

"Mwambie jikoni. Nakaanga sambusa. Mwambie zimeungua zote."

Bi Amparo alifunika mdomo kwa kiganja. Alikuwa anacheka au anataka kulia tena? Kidawa alisogeza uso karibu na kioo, asijue. Bibi akasema maneno mengi, mkono mmoja ukipiga meza, na Najma akayapokea yote ameinamisha kichwa.

"Anasemaje?"

"Anasema alidhani anakufa pale ngazini. Anasema mume wake alitengeneza mlango ule kwa mikono yake. Anasema mama wa mpangaji hajawahi kumwomba radhi, hata mara moja. Lakini hajui. Atazungumza na dada yake."

"Yule dada?"

"Yuleyule."

Kidawa akavunjika moyo kabisa. Dada aliyeleta uvumi ndiye anakwenda kuulizwa ushauri! Ni kama kumpelekea Murielle kesi hiyo hiyo saluni. Akataka kusema hivyo, Karimu akamkanyaga mguu.

Jumatatu Najma alikwenda manispaa peke yake, akasimama nje na miadi yake, mkataba wa nyumba na pasipoti. Huku Bertrams Kidawa hakukaanga kitu. Alikaa na simu mapajani. Ujumbe wa kwanza ulisema: "Hajaja." Wa pili ulisema: "Imebaki kidogo niitwe. Hajaja." Kidawa akaanza kumwombea bibi yule goti lake, kwamba kama ni goti basi lipoe, na kama ni moyo basi ulainike.

Wa tatu ulikuwa sauti. Najma alikuwa anahema.

"Mama, amekuja. Amekuja na dada yake. Dada yake amenihoji hapa nje mbele za watu, nasoma nini, naswali mara ngapi, nitaondoka lini, huyo mwanamume ni nani wangu. Nimejibu yote. Bi Amparo amesaini. Nimeandikishwa, Mama."

Kidawa aliinama akasujudu palepale kati ya jiko na mlango.

Masharti yaliletwa baadaye, na hayakuwa na mzaha. Kitasa kinabadilishwa, na ufunguo asipewe mtu. Asilale mgeni bila Bi Amparo kujua kwa jina. Octave asionekane ghorofa ya tatu, ingawa bibi mwenyewe alimpelekea kahawa pale chini siku ile, baada ya kuchoka kumwona amesimama. Na mama, dada mtu alisisitiza, mama akae mbali na mlango.

Kidawa aliyakubali yote. Lakini kitu kimoja kilimkereketa, akauliza siku nyingine, Najma akiwa na kadi yake karibu kutoka na moyo umetulia.

"Kwa hiyo ule uvumi ni kweli au si kweli?"

"Si kweli, Mama. Zinazoingiliwa ni nyumba zilizokaa tupu miaka, nyingi za mabenki. Nyumba anayoishi mtu, ni nadra sana, na polisi wanakuja. Si uliwasikia?"

"Kwa hiyo zinaingiliwa."

"Zile tupu."

"Na yako ilikuwa tupu siku mbili."

"Eish, Mama."

Akakata. Kidawa akabaki na simu mkononi, hajajua bado kama alifundishwa au alitukanwa. Alichokijua ni kwamba saluni kwa Murielle wapo akina mama wengine wenye watoto wanaokwenda miji ya wasema Kihispania, mmoja mwanawe anaelekea Bogotá kule Kolombia, mwingine Málaga, na kila mmoja ana hofu yake ya kumsafirishia mtoto kama mzigo wa ziada. Ndiyo maana haya yakaandikwa.

Ya kuepuka:

Usimweke mtu ndani ya nyumba ya kupanga bila mwenye nyumba kujua, hata awe ndugu wa damu.

Usiache ufunguo kwenye tundu kwa ndani wakati mwenye nyumba naye ana wake.

Usichelewe kuandikishwa manispaa. Kabla hujalipa kodi, uliza kwanza kama mwenye nyumba atatia saini.

Usiende ofisini bila miadi. Hawatakusikiliza, na foleni yako ya alfajiri haihesabiki.

Usimgongee mtu mlango kati ya saa nane na saa kumi na moja mchana, isipokuwa nyumba inaungua.

Usile ukashiba saa moja jioni kama umealikwa. Chakula kitakuja saa nne na watakuuliza kwa nini huli.

Asiyetaka mashavu asirudi nyuma kama aliyeona nyoka. Atoe mkono mapema, acheke.

Usiumeze uvumi wa mtu ambaye hajafika huko.

Na mama uliye mbali, usimwongoze mtu afungue au asifungue mlango usiouona.